Kabla ya Kumlaumu Fuko

Tuta la udongo likitokea uani asubuhi, Mtongwe au Mishomoroni au Magongo, hukumu hutoka kabla ya uchunguzi: ni fuko. Adhabu nayo huwa tayari. Mmoja atashauri petroli, mwengine maji ya moto, wa tatu atamkumbuka yule mchuuzi anayepita na kipaza sauti kinachorudia bila kuchoka majina ya panya, mende na kunguni. Kabla ya adhuhuri kuna kitu kimeshamiminwa shimoni na jiwe limewekwa juu. Napinga mtindo huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mara nyingi aliyechimba si fuko. Ya pili, na ndiyo nzito, chini ya bara la Mombasa, yaani mji ulio nje ya kisiwa, kinachoingia shimoni hakikai shimoni.

Tuanze na mshtakiwa mwenyewe. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu fuko wa bustanini umeandikwa Ulaya na Marekani, na unamhusu mnyama ambaye hayuko kwetu. Yule ni mla minyoo na wadudu, mwenye viganja vipana vya kuchimbia, na jamaa zake wanaishi Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja. Huko kwao watu huambiwa wanyunyize dawa ya kuua wadudu wa nyasini ili fuko akose chakula, ahame. Mtu wa Likoni akiufuata ushauri huo atakuwa amewaua minyoo wake na kuwanyima kuku wake riziki, na mchimbaji hatahisi lolote, kwa kuwa fuko wetu hategemei minyoo. Ni mnyama mgugunaji, wa upande wa panya, na chakula chake ni mizizi, viazi na vitunguu vya mimea vilivyomo ardhini.

Kenya ina mafuko wa namna kadhaa. Anayesikika zaidi ni yule wa nyanda za juu, mnene, mwenye manyoya mengi, anayewatesa wakulima wa viazi na karoti Kiambu, Nyandarua na Kisii, ambako kuna watu wanaojipatia riziki kwa kutega mafuko na kulipwa kwa kila mmoja wanayemnasa. Huyo ni wa nchi ya baridi, hashuki pwani. Wa pili ni fuko asiye na manyoya, wa nchi kavu kuanzia Tsavo na Mtito Andei kwenda kaskazini hadi Ethiopia na Somalia. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis alionyesha kwamba fuko huyu huishi kwa kundi kubwa lenye malkia mmoja anayezaa, wengine karibu wote wakiwa watumishi, na tangu hapo maabara nyingi duniani zinamfuga, maana anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, umri usiosikika kwa mgugunaji mdogo kiasi hicho. Huyo pia si wa uani kwetu.

Wa tatu ndiye anayetuhusu. Ni fuko mwenye manyoya ya rangi ya fedha, ambaye makao yake yanaanzia kusini mwa Kenya, yakapita Tanzania na Malawi hadi Msumbiji. Ni mdogo, gramu 200 hivi. Macho yake hayaonekani vyema hata ukimshika mkononi, na meno yake ya mbele yako nje ya midomo, ili achimbe kwa meno bila udongo kumwingia kinywani. Huishi peke yake. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye bustani: msururu wa matuta uliojipanga kutoka ukingoni hadi kwenye mgomba huenda ukawa kazi ya mnyama mmoja tu. Hakuna jeshi chini pale. Akiondoka huyo mmoja, kazi imekwisha, mpaka siku mwengine atakapoikuta njia iliyo tupu.

Je, bara la Mombasa linamfaa? Jibu limo katika ardhi yenyewe. Ukanda ulio karibu na bahari, tangu Shelly Beach upande wa Likoni hadi Nyali, Bamburi na Shanzu, umekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile linalokatwa matofali ya kujengea nyumba. Mahali pengi udongo ulio juu yake ni haba, pengine shubiri moja, na fuko anayetaka kina cha kuweka kiota na kujificha joto hapati nafasi. Nyuma ya jiwe hilo, katika sehemu kubwa ya Kisauni, kuna mchanga wenye kina. Ukivuka upande wa Changamwe na Miritini unakuta udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya kale sana, ambao ukikauka hupasuka na mvua ikinyesha hunata kwenye viatu. Fuko anataka udongo unaochimbika wenye vyakula ndani yake. Kwa hiyo pa kumdhania kwanza ni pindo za mji zilizobaki na mashamba ya muhogo na viazi vitamu: Mwakirunge, Utange, Dongo Kundu, Mtongwe ya ndani. Katikati ya nyumba zilizobanana za Chaani au Bombolulu, mtu asianze na fuko. Na hata huko pindoni, hakuja kwa ajili ya ukoka wa mtu. Amefuata muhogo, ukoka uko tu juu ya njia yake.

Kuna alama moja inayomtofautisha na wachimbaji wengine wote, na anayeikumbuka hiyo peke yake ameshapiga hatua kubwa. Fuko hufunga mlango. Anasukuma udongo juu, unatoka tuta bichi, kisha anaziba kwa ndani. Utaona tuta bila tundu. Shimo lililo wazi, linaloingilika ngumi, lenye njia iliyokanyagwa mbele yake, si la fuko. Ni la mtu mwengine, na hapo orodha ya washukiwa inakuwa ndefu.

Mshukiwa wangu wa kwanza katika nyua za bara ni panya buku. Watu humwona usiku kwenye mtaro wakadhani ni paka. Ni panya mkubwa, mwenye uzito wa kilo moja na zaidi, na mkia mrefu ambao nusu yake ya mwisho ni nyeupe. Kwa mkia huo huwezi kumkosea. Ana mifuko ndani ya mashavu, anajaza nazi, mahindi, mabaki ya ugali, mbegu za maembe, akaenda kuvificha ghalani mwake chini ya ardhi. Shimo lake ni kubwa na lina milango zaidi ya mmoja, na hupenda kulianzisha mahali ambapo binadamu ameshamsaidia kuchimba: ubavuni mwa shimo la maji machafu, chini ya sakafu ya banda la kuku, kwenye kifusi kilichobaki baada ya ujenzi, chini ya kisiki cha mnazi. Sakafu ya saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya mchanga bila msingi wa mawe ni nyumba tayari kwake. Baadaye sakafu hutitia, ukuta ukapata ufa, na lawama zikamwendea fundi.

Sitaki mtu amdharau mnyama huyu. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu na vilipuzi vingine visivyolipuka zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza tatizo letu: pua na akili inayoliona bomu chini ya udongo ndiyo hiyo hiyo inayoikwepa chambo yenye harufu ya mkono wa mtu. Lakini buku ana udhaifu mmoja ambao panya wa kawaida hana. Hazai sana. Jike huzaa watoto wachache, hadi wanne hivi, ilhali jike wa panya wa mtaroni huzaa sita hadi kumi na wawili baada ya wiki tatu tu za mimba, na watoto wake huanza kuzaa kabla ya kufikisha miezi mitatu. Kwa hiyo buku wawili watatu wakinaswa uani, tofauti utaiona. Panya wa mtaroni ukinasa ishirini bila kuondoa kilichowaleta, umepunguza walaji tu ili waliobaki washibe zaidi.

Panya huyo wa mtaroni, aliyeenea duniani kwa meli na kushuka katika kila bandari, ndiye mchimbaji wa Changamwe na kando ya njia za malori. Shimo lake ni dogo kuliko la buku, lina udongo uliotawanywa mlangoni, na kwa kawaida huwa ubavuni mwa ukuta au chini ya rundo la taka. Binamu yake, panya wa darini, hachimbi sana. Huyo ni wa mapaa ya makuti na vilele vya minazi. Anayekuta nazi changa zimetobolewa zikaanguka asihangaike na mashimo, aangalie juu.

Kando ya mikoko mambo yanabadilika tena. Mikindani, Jomvu, Mishomoroni, ukingo wa Chaani kuelekea Port Reitz, na Mtongwe upande wa maji, nyumba zimesogea hadi kwenye makao ya kaa wa nchi kavu. Kaa hawa huchimba mashimo ya mviringo, wima, yanayoshuka hadi yakutane na maji ya chini, na huacha vidonge vya tope kuzunguka mlango. Hula majani na nyasi usiku. Watu huwamwagia petroli wakidhani ni panya au nyoka, na hapo ndipo roho yangu inapouma zaidi, kwa sababu shimo la kaa huyo, kwa maumbile yake, ni bomba lililonyooka hadi kwenye maji. Wenyeji hawa hawana tiba, wala hawaihitaji. Nyumba ndiyo iliyowafuata.

Wengine nitawapitia haraka. Vishimo vidogo vya mteremko, vingi, vilivyochimbwa mchana kwenye nyasi, ni kazi ya nguchiro anayetafuta mabuu ya wadudu, na pengine akitoka kwako anaelekea kwenye panya wako. Udongo mkavu uliotandazwa juu ya majani makavu na vijiti ni mchwa. Na kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu kali anayeitwa fuko na watoto, anakula mende, mwacheni.

Sasa tuje kwenye adhabu, maana hapa ndipo madhara yalipo.

Mombasa hunywa maji ya mbali. Bomba la Mzima lilikamilika mwaka 1957, kuna maji ya Baricho kutoka Mto Sabaki, kuna chemchemi za Marere katika Shimba Hills na visima virefu vya Tiwi upande wa Kwale. Vyote kwa pamoja haviutoshelezi mji, na mfereji ukikauka wiki nzima watu hurudi kwenye kisima cha jirani na mitungi ya mkokoteni. Kisauni na Likoni zimejaa visima vifupi, na futi chache kutoka kisimani kuna choo cha shimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko hapa hapa Mombasa, walivipima visima vya Kisauni chini ya mradi wa UNEP na UNESCO uliochunguza maji ya ardhini katika miji ya Afrika. Walikuta vijidudu vya kinyesi kutoka vyooni vimeingia katika maji ya visima. Kama kinyesi kinafika, petroli itashindwaje? Mchanga hauizuii. Jiwe la matumbawe ndilo baya zaidi, kwa kuwa limetoboka ndani kwa ndani, na maji hupita katika matobo hayo haraka, bila kuchujwa. Kiasi kidogo cha petroli au mafuta ya gari kuukuu hutosha kuharibu harufu na ladha ya maji mengi, na hakuna kuchemsha kutakakoyatoa. Atakayekunywa si lazima awe yule aliyemimina.

Bara hili limeshalipia somo la ardhi iliyotiwa sumu. Owino Uhuru, mtaa uliokuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe kabla Jomvu haijajitenga, ulipata jirani wa kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwa betri kuukuu. Kikafanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014, na watoto wakakutwa na risasi damuni. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Silinganishi kijiko cha sumu ya panya na kiwanda. Nasema tu kwamba watu wa huku wanajua, kwa miili yao, kwamba kilichozikwa hakijapotea.

Kuna vidonge ambavyo nataka kuvizungumzia peke yake. Ni vile vya fosfaidi ya alumini, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufukiza nafaka katika maghala yaliyofungwa na wataalamu. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua mwili unaovuta hewa, wa panya au wa mtoto, na haina dawa ya kuipinga hospitalini. Baadhi ya watu huvitumbukiza katika shimo la uani na kuliziba. Fikirini ardhi niliyoieleza: jiwe lenye matobo, msingi mwembamba, chumba cha kupanga chenye godoro chini, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu. Gesi haina habari na mpaka wa ploti. Inafuata njia ya panya, na njia ya panya mara nyingi inaishia chini ya kitanda. Mtu yeyote asiye mfukizaji mwenye leseni asiviguse, na atakayekuta vinauzwa kwa rejareja mtaani ana haki ya kupeleka habari kwa Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB, inayosimamia dawa hizo kwa sheria.

Sumu za chambo zinazozuia damu kuganda ni hadithi nyengine. Hizi ndizo zilizo halali na za kawaida. Panya hula leo na kufa baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo anatembea akiwa amelewa, mchana, mbele ya paka, nguchiro na bundi. Sumu imekaa katika ini lake. Anayemla anaila. Hapa pwani bundi ameshabebeshwa mzigo wa uchawi. Akilia juu ya paa watu humfukuza kwa mawe, ilhali wenye mashamba makubwa ya michikichi huko Malaysia huwajengea bundi visanduku vya kutagia kwa makusudi, ili wale panya. Anayelazimika kutumia chambo aiweke ndani ya kisanduku kilichofungwa, kilichopigiliwa ukutani, chenye tundu la panya tu, na mizoga aizike kila asubuhi. Ile tabia ya kutupa vipande vya mkate wenye dawa kando ya ukuta, mahali ambapo mtoto anatambaa na kuku wanadonoa, haina utetezi. Paka au mtoto aliyekula dawa ya aina hii apelekwe haraka na karatasi ya dawa mkononi, kwa sababu vitamini K1 humsaidia akiwahiwa.

Na miti? Wakulima wengi wa Afrika Mashariki hupanda utupa kuzunguka shamba ili kumfukuza fuko. Utupa tunaujua pwani kwa kazi nyengine, ile ya kulewesha samaki mtoni, na sababu ni ile ile: majani yake yana sumu. Sitautegemea peke yake, na karibu na maji yenye samaki nisingeupanda. Mbarika nao husifiwa. Mafuta yake hutumika Marekani dhidi ya yule fuko mla minyoo ambaye hatuna. Mbegu zake ni sumu kali na zinavutia macho ya watoto. Katika ua wa watoto sioni kwa nini upandwe.

Kinachofaa ni kazi ya mikono, na hufuata tabia ya mnyama mwenyewe. Fuko hawezi kuvumilia njia yake ikiwa wazi. Ndiyo maana watega fuko wa nyanda za juu hawahangaiki na chambo: wanatafuta tuta bichi la leo, wanafukua taratibu mpaka waikute njia, wanaiacha wazi, na kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye kijiti kilichopindwa kinamsubiri anapokuja kuziba. Wakati mzuri ni baada ya mvua ya mwaka, udongo unapolainika na matuta mapya yanapoonekana wazi. Asiyetaka kumwua mnyama anaweza kuzungushia kitalu chake wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliozamishwa ardhini kiasi cha nusu mita na zaidi. Ni ghali kwa uwanja mzima, lakini kwa kitalu cha mboga ni gharama ya mara moja. Maji ya ndoo hayafai kitu: kwenye mchanga wa Kisauni yanazama kabla hayajamfikia, na kwenye mfinyanzi wa Changamwe yanakuachia tope. Vijiti vya betri vinavyotetema ardhini, vinavyouzwa kwa bei ya kutisha, ningeviacha dukani.

Kwa buku, mtego wa kizimba chenye mlango wa kuanguka, uliotegwa kipande cha nazi iliyochomwa, usiku, mbele ya njia iliyokanyagwa. Uache wazi siku mbili tatu bila kuutega ili auzoee. Ushike kwa glavu, kwa ajili ya harufu na kwa ajili ya magonjwa, maana mkojo wa panya hubeba leptospira, kijidudu kinachoingia kwa jeraha mguuni hasa wakati wa mvua, maji yakijaa uani. Na mkono wa mtu, kwa vyovyote vile, usiingie shimoni. Shimo lililoachwa na panya hupangwa na swila au kifutu bila kodi. Wazee walitukataza hata kukojoa mashimoni, na mafunzo ya dini yanakataza vivyo hivyo. Sababu yoyote utakayoifuata kati ya zile zinazotajwa, mwisho wake ni usalama. Anayemwona nyoka awaite wanaojua kumshika. Bio-Ken ya Watamu imefanya kazi hiyo pwani kwa miaka mingi.

Lakini kabla ya mtego wowote kuna swali ambalo halijaulizwa: pana haja? Nyua nyingi za Likoni na Kisauni hazina ukoka kabisa. Ni mchanga mweupe unaofagiwa asubuhi, na tuta moja la fuko hufutwa kwa ufagio ule ule. Wenye ukoka, au zile nyasi pana za Pemba zinazopendwa pwani kwa kuvumilia chumvi na kivuli, wana mimea inayotambaa na kujiziba yenyewe. Sambaza udongo wa tuta kwa reki, mwagilia, na kabla mwezi haujaisha hutapaona. Mtu mwenye miche ya mipapai inayoliwa mizizi ana dai. Mtu ambaye tatizo lake ni sura ya uwanja tu, nadhani asubiri.

Kisauni yenyewe ina ushahidi wa kazi ya viumbe wa ardhini. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilikuwa kimechukua matumbawe yote na kuacha jangwa jeupe lenye maji ya chumvi. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, zilizoshika ni chache mno, na mvinje ndio uliotamba. Majani ya mvinje yalianguka yakakaa bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo. Majongoo wakayala, wakatoa mavi, mavi yakawa udongo, na juu ya udongo huo leo kuna msitu ambao watoto wa shule za Mombasa hupelekwa kuutazama. Ardhi ya ukanda huu wa matumbawe ni changa na nyembamba. Anayeipindua na kuipitisha hewa, awe jongoo, mchwa au fuko, anaifanyia kazi ambayo mwenye nyumba angelipa vibarua kuifanya.

Panya ndio ambao siwezi kuwaombea. Hao ni suala la mtaa mzima, na hapa ndipo dawa ya mtu mmoja inapogonga ukuta. Katika nyumba za vyumba sita vinavyotazamana, zenye ua mmoja, choo kimoja na mpangaji kila mlango, nani anunue mtego? Akinunua wa chumba cha kwanza, wa chumba cha tano bado anamwaga maji ya samaki mtaroni. Taka zikikaa wiki mbili bila gari la kaunti kuja kuzichukua, panya wanapata karamu. Jaa la Kibarani lilifungwa na taka kuelekezwa Mwakirunge, jambo lililosafisha mlango wa kisiwa. Lakini safari ikawa ndefu, na taka isiyosafirishwa hubaki Kongowea, Mtopanga au Chaani. Changamwe ina mzigo wake wa ziada: maghala. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, imeyataka tangu zamani maghala ya vyakula yajengwe kwa namna ambayo panya hawezi kuingia, kwa sababu ilitungwa na watu walioijua tauni. Afisa wa afya anayelikagua ghala la mahindi kwa sheria hiyo anawasaidia wakazi wa nyuma ya ghala kuliko mchuuzi yeyote mwenye kipaza sauti.

Ndani ya ploti, mzigo wa kwanza ni wa mwenye nyumba. Mfuniko wa zege usio na ufa juu ya shimo la maji machafu, wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba, msingi wa mawe chini ya sakafu, kifusi kuondolewa fundi anapomaliza: haya hayafanywi na mpangaji anayeweza kuhama mwisho wa mwezi. Yanafanywa mara moja na anayepokea kodi kila mwezi, na mpangaji anayekwenda kutazama chumba Likoni au Magongo ayakague kabla ya kuuliza bei, kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, karibu na choo na kisima, akitazama chini.